Bati Zilikuwa Chini

Katika filamu ile ya kulinganisha boti mbili za uvuvi, simamisha picha pale boti nyeupe inapogeuza kuelekea kusini-magharibi. Usimtazame mjaribu usoni. Tazama kiashiria cha bati za trimu, kando ya mkono wake wa kulia: taa zimewaka mpaka ya mwisho, upande huu na upande ule. Bati ziko chini kabisa. Mawimbi sasa yanatoka nyuma, naye ameziacha hapohapo. Haipiti muda omo inachimba, boti inalala ubavu, friza ya chambo inateleza kutoka ukuta hadi ukuta, na bwana mkubwa anatugeukia kutuambia kuwa chombo hiki hakina adabu mawimbi yakiwa ya tezi.

Chombo kina adabu zake zote. Aliyekosa adabu ni kidole gumba ambacho hakikubonyeza kitufe.

Kwenda kule alikuwa sahihi, nalisema mapema nisije nikaitwa mchukivu. Siku ile ya kaskazi nje ya Kilifi bahari ilikuwa kama tunavyoijua: mkondo wa pwani unapanda, upepo unashuka, vikikutana vinasimamisha mawimbi mafupi yenye mgongo mkali. Kukabili mawimbi ya namna hiyo unashusha bati, omo inainama, ule ukali wa V ya mbele unakata badala ya kupiga. Noti 22, hakuna kishindo, chai haimwagiki. Vizuri.

Kisha akageuza. Kwa mawimbi ya tezi kila kitu kinageuka pamoja na boti, na hili ndilo somo la kwanza kwa yeyote anayepewa usukani wa chombo cha futi 35. Wimbi likija nyuma linainua tezi lenyewe, bila kuombwa. Bati zikiwa chini nazo zinainua tezi, maana hiyo ndiyo kazi yake. Vinyanyuo viwili kwa wakati mmoja! Omo itakwenda wapi kama si chini? Na omo ya boti hii ni kali, V yake inaanzia mbele kama kisu na kuishia tezini ikiwa bado na digrii 24. Kisu hicho kikizama kwenye mgongo wa wimbi la mbele kinakuwa usukani wa pili usioshikwa na mtu. Omo imeshikwa, tezi inasukumwa, boti inatafuta kulala. Mtazame mikono: anazungusha gurudumu kulia, boti inakwenda kushoto. Hapo ndipo alipopaswa kujua.

Badala ya kujua, akakata mafuta. Mashine mbili za nje za farasi 300 kila moja, akazirudisha zote kwa mkupuo mmoja, katikati ya mteremko. Boti ikaketi, wimbi lililokuwa linaifuata likaikuta imeketi, maji yakapanda juu ya tezi mpaka kwenye visigino vya mpiga picha. Kosa la kwanza naweza kulisamehe kwa mtu aliyezoea maji ya ndani ya mkono wa bahari. Hili la pili linatisha. Angeziinua bati, akainua trimu ya mashine kidogo omo ipate pumzi, akatafuta mwendo wa kukaa mgongoni mwa wimbi lililo mbele yake bila kulipita, kisha akatulia. Ni kazi ya sekunde chache. Tena alikuwa na muda: kati ya kugeuza na omo kuchimba, mnahesabu wenyewe, yalimpita mawimbi matatu yakimpa ishara, kila moja likimkokota tezi zaidi ya lililotangulia.

Mzee aliyenifunza kazi hii Shimoni alikuwa akivua viatu kabla ya kushika usukani. Akisema nyayo husikia omo inapoanza kuwa nzito kabla macho hayajaona kitu. Mjaribu wetu alikuwa amevaa raba nyeupe zenye soli nene ya kidole kizima, na najua mtasema nimeanza tena habari za viatu. Ndiyo, nimeanza tena.

Sasa linganisheni na boti ya pili ya filamu, ile ya dizeli. Chombo cha zamani, shafti mbili, tumbo lililolala zaidi kuelekea tezi, na kwa sababu ambazo filamu haikueleza kiliendeshwa na nahodha wake mwenyewe, kijana wa hukuhuku. Njia ileile, mawimbi yaleyale, saa moja baadaye. Kwenda kule kilipiga kama ngoma ya harusi, sauti mnaisikia. Kurudi kikanyooka kama uzi. Je, kilinyooka kwa sababu ni bora? Mkuku wake unasaidia, sikatai. Lakini angalieni yule kijana alivyofanya hata kabla ya kumaliza kugeuza: mkono mmoja ukatoka kwenye gurudumu, ukashika swichi ya bati, ukarudi. Hakutazama alichoshika. Katika filamu ya dakika 40 hicho ndicho kitendo cha ubaharia kilichonifurahisha kuliko vyote, na mhariri nusura akikate.

Kwa hiyo dizeli ikapewa alama za mawimbi ya tezi, nyeupe ikanyimwa, na jedwali la alama hizo sasa linazunguka kutoka Mtwapa mpaka Malindi kana kwamba walilinganisha vyombo. Walilinganisha mikono miwili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tumbo la V lililohukumiwa lina ukoo. Mwaka 1960, katika mbio za Miami hadi Nassau, bahari ikiwa na mawimbi ya futi nane, Dick Bertram alitoka na boti ya mbao ya futi 30 iliyoitwa Moppie, aliyoichora Ray Hunt, na pamoja naye alikuwamo Sam Griffith. Walifika baada ya saa nane hivi, na aliyewafuata aliingia saa mbili nzima baadaye. Kutoka kwenye umbo hilo ikazaliwa Bertram 31 ya faiba, na hakuna mvuvi wa nduaro wa rika langu asiyeijua ilivyokata maji. Mnadhani wale walifika Nassau kwa umbo tu? Mtu kama Griffith alikuwa na mkono kwenye mafuta kila wimbi, wimbi baada ya wimbi, saa zote zile. Umbo la Hunt linadai mtu. Likimpata linampeleka kokote. Lisipompata, linamwaibisha mbele ya kamera.

Tukirudi kwenye filamu, upimaji wa matumizi ya mafuta ulikuwa safi, na wa kelele pia.

Uzito, hapana. Tangi robo, watu watatu, friza haina barafu. Nani anatoka hivyo kwenda kuvua? Siku ya kazi una watu sita, tangi zimejaa, barafu, sehewa wa chambo, rodi na rili za kutosha kuzamisha mtumbwi. Uzito huo ukikaa nyuma omo inapanda, ukikaa mbele inashuka, na hukumu yoyote juu ya mwendo wa boti tupu ni hukumu juu ya boti ambayo hakuna mtu atakayeiendesha.

Na kurambaza? Dakika mbili! Nduaro unamtafuta kwa noti saba, nane, tisa, kutwa nzima, na kinachokupa samaki ni maji yaliyo nyuma ya tezi: povu linaishia wapi, chambo kinaogelea kwenye maji safi au kwenye vurugu ya propela. Kamera haikugeuzwa nyuma hata mara moja. Hemingway, ambaye safari yake ya Afrika Mashariki aliimalizia kwa kuvua pwani ya Kenya mwaka 1934, aliporudi Marekani mwaka huohuo aliagiza Pilar, boti ya futi 38, kwa Wheeler wa Brooklyn, akataka mashine mbili: ya farasi 75 ya kwendea, na ndogo ya farasi 40 ya kurambazia. Alijua siku ya mvuvi inapitia mwendo gani. Sisi, miaka 90 baadaye, tunaoneshwa noti 46 ndani ya maji ya kioo na muziki umewekwa juu.

Boti nyeupe bado imefungwa kwenye boya lake Kilifi, na nasikia mnunuzi mmoja ameshajitoa. Nimemwomba mwenye nayo aniachie siku moja kabla kaskazi haijafa. Tangi zijae, barafu ijae, watu sita. Usukani apewe yule kijana wa dizeli, akikubali. Mimi nitakaa nyuma, miguu mitupu, nitazame povu.