Wote Hawajalipa

Sisi walimu wa zamani tukikutana hatukosi jambo la kulalamikia, na mara nyingi jambo hilo ni Kiswahili cha vijana. Mmoja atataja tangazo lililoandikwa "nyimbo hii", kana kwamba neno wimbo limekufa. Mwingine atalia na "masaa", ilhali saa ni saa, iwe moja au ziwe kumi. Wa tatu atakumbusha karatasi iliyowaalika wananchi "kupiga kula". Tunacheka, tunaagiza chai nyingine, kisha tunaagana tukiwa tumeridhika kwamba lugha ingali na walinzi.

Nami ni mmoja wa walinzi hao. Kabla ya kupewa ukuu wa shule nilifundisha Kiswahili miaka mingi katika chuo cha ualimu, na wino mwekundu nilioumaliza huko sijui kipimo chake. Siujutii wote. Anayekwenda kufundisha wenzake sharti ajue kwamba nyimbo ni wingi wa wimbo, kama nyuso zilivyo wingi wa uso. Ajue pia kwamba katika "Mkutano wa wazazi, utafanyika Jumamosi" ule mkato hauna kazi. Umewekwa kwa sababu mwandishi alivuta pumzi hapo.

Hata hivyo, anayesoma "nisubiri masaa mawili" anajua atasubiri muda gani. Anayesoma "tukutane Jumamosi saa mbili", sentensi isiyo na doa la sarufi, hajui aje asubuhi au usiku. Vivyo hivyo, "Juma alimwambia Hamisi kwamba mtoto wake anaumwa": upatanisho umetimia, tahajia imetimia, na baba wawili wameingiwa na hofu. Sentensi za namna hiyo nilizipitisha chuoni bila kuinua kalamu, kwani nilikuwa nawinda viambishi. Hayo nisingeyaona mpaka yaliponifika mwenyewe.

Mwaka 1996, nikiwa mkuu wa shule ya sekondari ya bweni, nilimwachia makamu wangu kikaratasi nilipokuwa natoka kwenda mkutanoni mjini: "Wanafunzi wote wa kidato cha pili hawajalipa ada. Hatua ichukuliwe leo." Maana yangu ilikuwa kwamba waliolipa hawajatimia; wapo waliolipa na wapo bado. Makamu alisoma yaliyoandikwa: hakuna hata mmoja aliyelipa. Akalifungasha darasa zima kwenda nyumbani. Waliodai kwamba wamelipa walionyeshwa mwandiko wangu. Kitabu cha stakabadhi kilikuwa kabatini mwangu, na ufunguo nilikuwa nao mimi, mfukoni.

Nimeigeuza sentensi ile mara nyingi tangu hapo. Kukanusha kwake kumo ndani ya kitenzi, na "wote" limekaa nje likisubiri msomaji aamue. Ningalitamka kwa mdomo, huenda mkazo wa sauti ungaliokoa maana. Kwenye karatasi nilipaswa kuandika "Si wanafunzi wote waliolipa", au, kwa maneno ya sokoni kabisa, "Wengine bado hawajalipa". Ningaliikuta katika insha ya mwanachuo ningaliipa alama ya vema, maana wanafunzi ni wa-, wote ni wa-, hawajalipa ni wa-. Makamu simlaumu, ingawa siku ile nilimfokea.

Niliporudi siku ya nne nilimkuta mzazi mmoja kwenye benchi nje ya ofisi, binti yake kando, sanduku miguuni. Walikuwa wamefika kwa basi la usiku. Hakugomba. Aliniamkia, akafunua leso aliyoikunja mara nyingi, akatoa stakabadhi yenye sahihi yangu mwenyewe. Kisha akaomba kile kikaratasi cha makamu, akakisoma polepole, kidole chini ya kila neno.

"Mwalimu," aliniuliza, "hapa umeandika wote. Na sisi tumo?"

Nilimwambia hawamo. Akauliza kwa nini basi nimewaandika. Nilianza kumweleza habari ya kukanusha, nikaona binti ananitazama, nikanyamaza. Nilimrudishia nauli yao kutoka mfukoni mwangu. Siku nne za masomo alizokosa mtoto sikuwa na namna ya kuzirudisha, na mitihani ya taifa ya kidato cha pili ilikuwa mlangoni.