Mafundi wa Baridi Mpakani
Yawastahiki heshima mafundi wa majokofu na viyoyozi wa Busia na Tororo, ambao, pindi mashine iliyokwisha kutengenezwa inapokataa kuwaka, hawakimbilii kulaumu kifaa, bali huzima umeme wa volti 240, huhakikisha kwa kipimo kwamba nyaya hazina moto, huondoa chaji iliyobaki katika kapasita, kisha huufuata kila waya hadi mwisho wake. Katika ncha tatu za kompresa hupima ukinzani jozi baada ya jozi, kwani kipimo kikubwa, ambacho ni jumla ya viwili vingine, huidhihirisha ncha isiyoguswa kuwa ndiyo ya pamoja. Kwa subira hiyo samaki hawaozi, wala chanjo haziharibiki. Basi, msomaji, mlipe fundi ujira wake kamili, bila kumcheleweshea.