Kuhukumu Chakula Usichokionja: Watazamaji na Washiriki wa Mashindano ya Mapishi

Mashindano ya mapishi kwenye televisheni yana jambo moja ambalo mashindano ya muziki hayana. Anayetazama mashindano ya kuimba anasikia sauti ileile anayoisikia mwamuzi. Anayetazama mapishi haonji kitu. Moshi haumfikii, chumvi haijui, nyama kama imeiva au haikuiva anasimuliwa tu. Hata hivyo hukumu anaitoa, tena mara nyingi kwa ukali kuliko mwamuzi mwenye kijiko mkononi. Makala haya yanachunguza hukumu hiyo inasimama juu ya nini, na kama inastahili kuitwa uhakiki. Swali hili linatuhusu sisi tunaosoma Kiswahili hapa Burundi. Darasani tunadaiwa ushahidi kutoka kwenye matini kwa kila neno tunalosema. Jioni, simu ikiwashwa, ushahidi tunauacha mlangoni pamoja na viatu.

Nimekuwa nikisikiliza maongezi ya wenzangu wa Gitega, na ya ndugu zangu wa Muyinga wakati wa likizo, tunapotazama vipande vya MasterChef na Top Chef. Maoni mengi yanamhusu mtu, hayahusu chungu. "Huyu ana kiburi." "Analia mno." "Dada huyu ana adabu, mwacheni apite." Sikatai kwamba maoni haya yana raha yake. Lakini tukumbuke tulichofundishwa kuhusu mhusika: hajizai mwenyewe, kuna aliyemchonga. Kazi ya saa kadhaa hukatwa ikawa dakika chache, na mkataji ndiye anayeamua kama tutamwona mshiriki akifuta jasho mara moja au mara tatu. Akifuta mara tatu, tunasema ameshindwa kabla sahani haijafika mezani. Mtazamaji hudhani anamhukumu mpishi, kumbe anafuata msuko aliotengenezewa.

Je, basi mtazamaji anyamaze? La. Shangazi yangu mmoja wa Muyinga, ambaye huitwa kupika pilau kwenye harusi, hatazami nyuso. Anatazama sufuria. Siku moja alisema, kabla mwamuzi hajafungua kinywa: "Kitunguu kimewahi. Mafuta hayajapata moto, hicho kitachemka, hakitakaangika." Hakuonja, na hakudai kuonja. Alisoma rangi ya kitunguu, mapovu, mvuke, na ile sauti ambayo mafuta ya moto huitoa na mafuta baridi hayaitoi. Picha na sauti zinatosha kumpa mtu anayejua kazi hiyo sehemu kubwa ya ushahidi. Kinachobaki nje ni ladha yenyewe, na hapo ndipo mtazamaji mwaminifu husimama.

Kisa maarufu kuliko vyote cha watazamaji kupambana na waamuzi kilitokea Uingereza mwaka 2018. Katika MasterChef ya BBC, mshiriki Zaleha Kadir Olpin, aliyezaliwa Malaysia, alipika nasi lemak, yaani wali wa tui la nazi, pamoja na rendang ya kuku. Mwamuzi Gregg Wallace alilalamika kwamba ngozi ya kuku haikukauka ikalia mdomoni, kwa hiyo hailiki. Zaleha akatolewa. Malaysia ikawaka. Rendang ni nyama inayopikwa taratibu ndani ya tui na viungo mpaka mchuzi ukakauke na kuishika nyama. Hakuna hatua ya kuikausha ngozi. Waindonesia, ambao kwa kawaida hubishana na Wamalaysia juu ya rendang ni ya nani, safari hii walisimama upande mmoja nao. Hata waziri mkuu wa Malaysia wakati ule, Najib Razak, aliyekuwa na uchaguzi mbele yake, alipata nafasi ya kuuliza nani anayekula rendang ya namna hiyo. Mwamuzi wa pili, John Torode, alizidisha moto alipowajibu watu mtandaoni na kumalizia kwa "Namaste", salamu ya Kihindi, kwa watu ambao si Wahindi. (Mwanafunzi wa lugha angeweza kuandika makala nzima juu ya neno hilo moja.)

Ili tuone uzito wa kosa, tulilete nyumbani. Tuseme mpishi wa Gitega anapeleka sombe kwenye shindano la namna hiyo, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kuchemshwa kwa saa nyingi, yakaungwa kwa mawese. Mwamuzi anasema: majani yamelainika mno, rangi imepotea, ningependa yabaki ya kijani na yakatike kwa meno. Mwamuzi huyo angekuwa anaomba sumu. Majani mabichi ya muhogo yana kemikali zinazotoa sianidi, na kule kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoiondoa. Ulaini anaouona kasoro ndio kazi yenyewe ya mpishi.

Kwenye fasihi tunalijua kosa hili. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974, walikuwepo waliotafuta vina na mizani, hawakuviona, wakasema hayo si mashairi. Walikuwa na kigezo kizuri kwa tenzi, wakakitumia kupima kitu kingine. Kutafuta ngozi kavu kwenye rendang ni kutafuta vina kwenye shairi huru. Hapa watazamaji wa Malaysia ndio waliokuwa wahakiki, na mwenye kijiko ndiye aliyekuwa hadhira isiyojua utanzu.

Lakini sikubali kuwapa ushindi wote. Torode alikuwa na lalamiko la pili, nalo lilisahaulika ndani ya kelele: kwamba kuku hakupikwa muda wa kutosha, hakulainika mpaka nyama ikaachana na mfupa. Hilo ni lalamiko linalotoka ndani ya rendang yenyewe. Bibi yeyote wa Kuala Lumpur angeweza kulitoa. Wallace naye alieleza baadaye kwamba hakukusudia kuku akaangwe, alikusudia kuwa hakuiva. Inawezekana alikuwa anajisafisha. Inawezekana pia alisema kweli kwa maneno mabaya. Waliopiga kelele hawakujali kutenganisha malalamiko hayo mawili, moja la kigezo kibovu na jingine la kigezo sahihi. Wengi wao walikuwa hawatetei sahani. Walikuwa wanatetea mama zao. Naielewa hamu hiyo, na kwa sombe ningefanya hivyohivyo, ila tusiiite uhakiki wa chakula kile, ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekionja.

Kuna jambo la lugha hapa ambalo linaniudhi zaidi ya upendeleo. Tukitazama mashindano haya, Kiswahili chetu hupungua ghafla. Kila kitu ni "kitamu" au "kibaya", na kikizidi sana ni "kitamu sana". Lugha iliyo na kuunga, kukaanga, kubanika, kutokosa na kupalia makaa. Inayojua tofauti ya mchuzi uliokolea na mchuzi ulioungua, chakula kilichopoa na kilichochacha, wali uliochambuka na wali uliovurugika wenye ukoko chini, lugha hiyo tunaiacha jikoni kwa shangazi. Wanafunzi tunaoweza kujaza kurasa kumi kuhusu takriri na tashbiha hatuna sentensi moja sahihi juu ya sufuria ya maharage. Muyinga, ambako Kiswahili cha sokoni kinachanganyika na cha wasafiri wa mpaka wa Kobero, nimesikia maneno ya jikoni ambayo sikuyakuta Gitega, na sijamwona mwanafunzi akiyaandika.

Upendeleo nao una sura ya kwetu. Akitokea mshiriki mweusi, tunampa kura kabla hajawasha moto. Mwaka 2020 Mory Sacko, Mfaransa ambaye wazazi wake wametoka Mali na Senegal, alishiriki Top Chef ya Ufaransa. Hakushinda, lakini watazamaji walimpenda, na mwaka uleule alifungua mgahawa wake Paris, MoSuke, jina lililounganisha Mory na Yasuke, yule Mwafrika aliyekuwa samurai Japani karne ya 16. Januari 2021 mgahawa ukapata nyota ya Michelin. Wenzangu huitaja nyota hiyo kama ushahidi kwamba watazamaji waliona mbali kuliko waamuzi. Mimi sioni hivyo. Waliotoa nyota walikaa, wakala. Watazamaji walipenda tabasamu na kimo chake, na mara hii bahati iliwaangukia.

Kisa cha Eric Adjepong ni kigumu zaidi. Mzaliwa wa Marekani mwenye wazazi kutoka Ghana, alifika fainali ya Top Chef ya Marekani mwaka 2019 akiwa na mpango wa kusimulia kwa mlo mmoja safari ya Waafrika waliovushwa bahari kama watumwa. Sahani ya kwanza ilikuwa ya nyama mbichi iliyokatwakatwa, yenye viungo vya Karibiani. Waamuzi waliiweka chini ya zile za wenzake wawili, akatolewa palepale. Watazamaji wengi walikasirika, na Gitega tulikasirika vilevile tulipokiona kisa hicho baadaye, ingawa baadhi yetu hatungekubali kuonja nyama mbichi hata kwa kulipwa. Tulichokidai hakikuwa kwamba sahani ile ilikuwa bora. Tulidai kwamba hadithi haikatwi kwenye sura ya kwanza. Hilo ni dai halali, nalo linawahusu waliopanga kipindi kuliko waamuzi. Waamuzi waliulizwa juu ya sahani moja, wakajibu juu ya sahani moja. Zilizobaki hazikufika mezani siku ile, na hakuna mtazamaji, wa New York wala wa Muyinga, anayeweza kusema zingekuwaje.