Uzito Usiohitaji Mshindo: Tamasha la Alice in Chains la Mwaka 1996

Wahakiki wengi wamezoea kuupima muziki uitwao metali nzito kwa ukubwa wa sauti yake. Kipimo hicho ni chepesi, na kama vilivyo vipimo vyepesi vyote, hushindwa kinapokutana na jambo lisilo la kawaida. Jambo la namna hiyo lilitokea tarehe 10 Aprili, 1996, bendi ya Alice in Chains, iliyoundwa Seattle, Marekani, mwaka 1987, ilipopanda jukwaa la Majestic Theatre, mali ya Brooklyn Academy of Music ya New York, ikakaa vitini na kuimba kwa magitaa ya mbao, pasipo ule mngurumo wa umeme uliokuwa umeipatia jina. Tamasha lilitengenezwa kwa ajili ya mfululizo wa televisheni uitwao MTV Unplugged, ulioanza mwaka 1989. Tarehe 30 Julai ya mwaka ule ule lilitolewa katika santuri yenye nyimbo 13, nayo ikaingia katika orodha ya Billboard 200 ikiwa ya tatu.

Huenda msomaji akauliza kama bendi hii yastahili kuhesabiwa katika metali. Wengi huiweka katika kundi la bendi za Seattle, pamoja na Nirvana, Pearl Jam na Soundgarden, ambazo muziki wao waitwa granji. Hata hivyo nasaba yake ya metali haifichiki. Mwaka 1991 ilifuatana na Slayer, Megadeth na Anthrax katika safari ya matamasha ya Marekani. Mike Inez, mpiga gitaa la besi aliyejiunga nayo mwaka 1993, alitoka katika bendi ya Ozzy Osbourne. Na usiku ule wa Brooklyn wanamuziki wa Metallica walikuwamo miongoni mwa wasikilizaji, hata Inez akaandika juu ya gitaa lake maneno ya kuwatania kwa ajili ya nywele zao walizokuwa wamezikata. Utani huo ni wa watu wajuanao kwa nasaba. Basi swali lililowekwa mbele ya wasikilizaji lilikuwa swali la metali yenyewe: je, muziki huu ukivuliwa mngurumo, chabaki nini?

Katika kulijibu swali hilo makosa mawili hufanywa aghalabu. Kosa la kwanza ni kudhani ya kuwa uzito wa metali umo katika mitambo, na kwamba bendi iiachayo mitambo imeuacha uzito wake mlangoni. Kosa la pili ni kudhani ya kuwa uzito wa tamasha hili wote umo katika habari za mwimbaji wake, Layne Staley, aliyekuwa amedhoofishwa na madawa ya kulevya, na ambaye alifariki mwaka 2002. Makosa haya yaonekana kupingana, lakini yana mzizi mmoja: yote mawili yautafuta uzito nje ya nyimbo zenyewe.

Lugha ya Kiswahili yaweza kulinyosha jambo hili. Neno zito halina maana ya mzigo peke yake. Uji mzito ni ule usiotiririka upesi. Sauti nzito ni ile itokayo chini. Maneno mazito ni yale yasiyotamkwa ila baada ya kufikiriwa, na ambayo msemaji hawezi kuyarudisha kinywani. Moyo mzito ni ule usioliendea jambo kwa haraka. Katika matumizi hayo yote hapana hata moja lidailo ukubwa wa sauti. Kelele kwa Kiswahili ni nyingi au ni kubwa; ni nadra kuitwa nzito. Kwa hiyo amwambiaye Mswahili habari za metali nzito amempa, pengine bila kujua, kipimo kilicho bora kuliko kile cha mshindo: unene, kina, mwendo wa polepole, na dhamana ya maneno. Yafaa tamasha hili lipimwe kwa kipimo hicho.

Kwanza haina budi kueleweka mtambo hufanya kazi gani. Gitaa la umeme linapopigwa kwa mngurumo, mawimbi ya sauti yake hukatwa vilele ndani ya kikuza sauti. Kwa kukatwa huko huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo mkono haukuzipiga, na kila noti hudumu muda mrefu pasipo kufifia. Faida yake ni unene. Hasara yake ni kwamba noti nyingi zikipigwa pamoja huchafuana hata zikawa tope. Ndiyo sababu wapigaji wa metali hupendelea mafungu ya noti mbili tu, yaani noti ya msingi na ya tano yake. Gitaa la mbao lina tabia iliyo kinyume. Noti yake hufa upesi, lakini kila moja husikika kwa jina lake. Kuondoa mngurumo, basi, si kupunguza sauti tu, bali ni kubadili yale yawezayo kusemwa.

Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa kwamba gitaa la mbao laweza kuubeba wimbo mzima. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Katanga mwaka 1952, alilifanya gitaa moja litoe besi, mapigo na mapambo ya juu kwa wakati mmoja. Lakini Mwenda alizitunga nyimbo zake katika chombo kile kile alichozipigia. Alice in Chains walikuwa na kazi nyingine: kuzihamisha katika mbao nyimbo ambazo nyingi zilitungwa kwa ajili ya umeme.

Uteuzi wa nyimbo waonyesha kwamba waliifikiri kazi hiyo. Nne kati ya zile 13 zatoka katika santuri fupi mbili, Sap ya mwaka 1992 na Jar of Flies ya mwaka 1994, ambazo tangu mwanzo zilitegemea magitaa ya mbao kwa sehemu kubwa. Nne ni za Dirt ya mwaka 1992, iliyo santuri yao yenye mngurumo mwingi. Nne ni za santuri ya mwaka 1995 iliyopewa jina la bendi yenyewe. Moja, “The Killer Is Me”, ilikuwa bado haijatolewa. Katika Facelift ya mwaka 1990, iliyowajulisha kwa umma, hawakuchukua hata wimbo mmoja. Kwa hiyo ni makosa kusema kwamba bendi hii ilijigeuza kwa usiku mmoja ili kuwapendeza watu wa televisheni. Njia ya mbao ilikuwa njia yake tangu miaka minne nyuma.

Tamasha lafunguliwa kwa “Nutshell”. Jerry Cantrell aanza na gitaa, wenziwe wamfuata, na Staley aingia jukwaani mwisho wa wote, wimbo ukiwa umekwisha kuanza. Mwendo ni wa polepole, mapigo ya Sean Kinney ni machache, na gitaa la Inez lakaa chini bila kujionyesha. Hapo wadhihirika uzito wa namna ya uji: muziki hautiririki, bali wasogea. Jambo la kuangaliwa ni kwamba upole huo si ule wa nyimbo za mapenzi zipigwazo na bendi za metali wakati zitakapo kupumzisha masikio ya watu. Hapa hapana pumziko. Wimbo wabana vile vile kama ungalipigwa kwa mngurumo, kwa kuwa kinachobana ni mwendo wake.

Walakini nguzo ya tamasha ni sauti mbili, ya Staley na ya Cantrell. Katika nyimbo nyingi za mwambao kiongozi hutangulia na wengine huitikia, na kati ya mwito na kiitikio msikilizaji hupata nafasi ya kuvuta pumzi. Sauti hizi mbili hazifanyi hivyo. Zatembea pamoja, neno kwa neno, nazo zakaribiana mno hata mara nyingine zasuguana badala ya kupatana. Katika santuri za studio sauti ya Staley ilirudiwa na kuwekwa tabaka juu ya tabaka. Brooklyn ilikuwa moja tu, na mwenziwe mmoja kando yake. “Down in a Hole” ndio wimbo uliofaidika zaidi kwa upungufu huo. Katika Dirt magitaa yajenga ukuta, na sauti zapanda juu yake. Katika tamasha hili ukuta haupo, na sauti zenyewe ndizo zinazoushika wimbo usianguke. Msikilizaji asikia mahali ambapo moja yaiegemea nyingine. Ule msuguano uliofunikwa na mngurumo sasa uko wazi, na ndio uliokuwa asili ya giza la wimbo tangu hapo.

Haki yataka hasara nazo zitajwe. “Rooster” ni wimbo ambao Cantrell aliutunga juu ya baba yake, askari wa vita vya Vietnam. Katika santuri ya Dirt mngurumo wa wimbo huo si pambo: ndio hatari yenyewe, inayozuka ghafula baada ya utulivu. Katika tamasha mikono yaongeza nguvu, lakini mpaka kati ya utulivu na hatari umefifia, na wimbo wapoteza sehemu ya hoja yake. “Sludge Factory” nao wategemea noti ndefu zijikokotazo. Katika mbao noti hizo zakatika kabla ya wakati, na Scott Olson, aliyeongezwa kuwa mpiga gitaa wa pili, hawezi kuziba nafasi zote. Ni katika wimbo huo huo Staley alisahau maneno, ikabidi uanzwe upya. Kosa kama lile lingaliweza kumezwa na mshindo. Hapa halikuwa na pa kujificha. Nyimbo hizi mbili zathibitisha kwamba mtambo nao una kazi yake ya haki. Uzito hautoki kwake peke yake, lakini mtunzi aweza kumkabidhi sehemu ya maana, na sehemu hiyo ikiondolewa pengo huonekana.

Hata neno lisemwalo la muziki bila umeme lahitaji uangalifu. Umeme haukuondoka ukumbini, ulibadilishwa kazi. Maikrofoni ilikuwa mbele ya kila kinywa, na kwa njia hiyo msikilizaji aliye mbali asikia kidole kikiteleza juu ya uzi na pumzi ikivutwa kabla ya ubeti. Ukaribu wa tamasha hili, basi, si wa asili. Ni sanaa, nayo ilisaidiwa na mahali. Majestic ni ukumbi uliojengwa mwaka 1904, ukaachwa muda mrefu pasipo kutumika, na ulipofufuliwa mwaka 1987 kwa ajili ya mchezo wa Mahabharata wa Peter Brook, kuta zake zilizobabuka ziliachwa makusudi jinsi zilivyokutwa. Katika ukumbi kama huo, penye mishumaa na watu wasiofika elfu, muziki uliovuliwa ulipata nyumba inayofanana nao.

Labaki lile kosa la pili. Baada ya Staley kufariki, tarehe 5 Aprili, 2002, tamasha hili limezoea kusikilizwa kama maziko yaliyofanywa kabla ya kifo. Huruma hiyo yaeleweka, lakini haifai kuwa hukumu. Tamasha hili halikuwa hata la mwisho: mwanzoni mwa Julai 1996 Staley aliimba tena na bendi, huko Kansas City, wakiwatangulia Kiss. Nyimbo nne za Dirt zilikuwa na umri wa miaka karibu minne, na giza lake lilitungwa, halikuokotwa. Tena santuri yafungwa kwa wimbo mpya, na watu wanaojizika hawaleti wimbo mpya. Amsikilizaye Staley kama mgonjwa tu amnyima jina alilolistahili, jina la mwimbaji: mtu ambaye, kwa nguvu zilizopungua, alijua ni neno lipi la kulisukuma na lipi la kuliacha lianguke lenyewe.

Ikiwa hukumu yatakiwa, basi tamasha hili lilishinda katika nyimbo zilizotungwa kwa sauti mbili, likashindwa kwa kiasi katika zile zilizotungwa kwa mngurumo, na ushindi ni mkubwa kuliko hasara. Kwa wahakiki na watafiti wa lugha funzo lake ni moja. Wale wauitao muziki huu muziki wa kelele, kana kwamba hiyo ndiyo tafsiri yake, wautaja kwa vazi lake. Jina la metali nzito na libaki, maana neno zito lauelekeza usikivu kwenye mwendo, kina na dhamana ya maneno, na hayo ndiyo yaliyosikika Brooklyn vikuza mngurumo vilipokuwa kimya.