Mnyambuliko, Mpishano au Msambao? Istilahi ya Polima Zenye Metali

Zipo polima ambazo elektroni zake hazitulii katika kifungo kimoja cha kikemia, bali huenea katika mnyororo. Lugha za Ulaya huziita kwa neno lile lile linalotumika kwa vitenzi. Kwa hiyo mfasiri wetu aghalabu hukimbilia sarufi na kuandika "polima nyambulifu". Istilahi hiyo haifai. Kunyambua ni kuongeza viambishi katika mzizi: piga, pigia, pigana. Katika polima hizi hamna mzizi wala kiambishi.

Afadhali "polima mpishano", kwani katika poliasetilini vifungo pekee na vifungo maradufu vya kaboni hupishana. Hata hivyo, neno hili hutaja umbo, halitaji kazi. Nalo hukwama metali inapoingia.

Tutazame mfano. Mwaka 1977 Sonogashira, Takahashi na Hagihara wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, walitangaza polima zenye platini ndani ya mnyororo. Katika utengenezaji wake, kampaundi ya platini yenye atomu mbili za klorini huchanganywa na kampaundi yenye asetilini katika ncha zake mbili, molekuli kwa molekuli, ndani ya amini, na iodidi kidogo ya shaba ikiwa kichocheo. Klorini hutoka pamoja na hidrojeni ya ncha, amini huipokea asidi inayozaliwa, platini hushikana na kaboni, na mnyororo hurefuka.

Hapo platini ina kifungo pekee upande huu na kifungo pekee upande ule: mpishano umekatika. Lakini elektroni zake hushirikiana na zile za kaboni, hata mawasiliano yasikatike kabisa.

Kwa hiyo twapendekeza "polima msambao", yaani polima ambazo elektroni zake husambaa kupita kifungo kimoja; na hizi ziitwe "polima msambao zenye metali katika mnyororo". Zisiitwe "za chuma", kwa kuwa platini si chuma. Wala "za madini", kwa kuwa madini huchimbwa ardhini. Tena maneno "katika mnyororo" yasiachwe, maana metali yaweza pia kuning'inia ubavuni mwa mnyororo, au kuchanganywa tu kama unga. Mwalimu atakayeyaacha atakuwa amefundisha vitu vitatu kwa jina moja, na mwanafunzi hatajua ni kipi alichoulizwa.