Filamu ya Mtihani: Maoni Juu ya "Killer of Sheep" na Chuo Kilichoizaa

Wahakiki wengi walioandika juu ya filamu ya "Killer of Sheep" huanza na sifa zake, nasi hatukusudii kuzipinga sifa hizo. Ila tunapenda kuanza na jambo ambalo aghalabu hutajwa mara moja kisha likaachwa, nalo ni kwamba filamu hii ilikuwa kazi ya mtihani. Charles Burnett aliikabidhi kwa walimu wake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), mwaka 1977, ili atimize masharti ya shahada yake ya pili. Hakuitengeneza kwa ajili ya majumba ya sinema. Kwa lugha ya kazi yetu, ile ilikuwa insha, ila imeandikwa kwa kamera. Na sisi tunaosahihisha insha kila juma tunayo haki ya kuuliza ni masomo ya namna gani yaliyomwezesha mwanafunzi kuandika insha kama ile; na je, kama ingeletwa mezani petu, tungeipa alama ngapi?

Yafaa kwanza tukieleze chuo chenyewe. Mwezi wa Agosti 1965 mtaa wa Watts, kusini mwa jiji la Los Angeles, ulilipuka kwa ghasia zilizoua watu 34. Wakazi wake wengi walikuwa Wamarekani weusi, na Burnett, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1944, alikulia huko. Alikuwa amesomea mambo ya umeme kabla hajageukia filamu. Mwishoni mwa miaka ya sitini, wakati wanafunzi wa vyuo vingi vya Marekani walipokuwa wakidai mabadiliko, UCLA ilianzisha mpango wa kuwafundisha utengenezaji wa filamu vijana wa jamii ambazo hadi hapo zilikuwa zikipigwa picha na watu wengine: weusi, Wamarekani wenye asili ya Mexico, wenye asili ya Asia, na wenyeji wa asili wa nchi ile. Mwalimu Elyseo Taylor alikuwa mstari wa mbele katika jambo hilo. Katika miaka ya sabini akaanza kufundisha hapo Teshome Gabriel, Mwethiopia, ambaye kitabu chake juu ya sinema ya Dunia ya Tatu kilitoka mwaka 1982. Waliopitia chuoni hapo ni wengi: Haile Gerima, naye Mwethiopia, Larry Clark, Julie Dash, Billy Woodberry, Jamaa Fanaka na wengineo. Mwaka 1986 mhakiki Clyde Taylor aliwapa jina la pamoja, "Uasi wa Los Angeles". Jina hilo lapendeza katika vitabu, lakini tunashuku kwamba wenyewe siku zile waligombania zaidi zamu ya kamera kuliko uasi.

Kanuni moja ya chuo kile yastahili kutazamwa kwa makini na mwalimu yeyote. Mwanafunzi aliyeingia alitakiwa atoe filamu yake fupi mapema kabisa, mwanzoni mwa masomo, kwa mkanda mwembamba wa milimita 8. Aandike mwenyewe, aongoze mwenyewe, ahariri mwenyewe. Hakusubiri hadi amalize nadharia zote. Bila shaka filamu nyingi za namna hiyo zilikuwa na makosa tele, na pengine hazikustahili kutazamwa mara ya pili. Lakini mwanafunzi aliyekwisha kuharibu filamu moja kwa mikono yake humsikiliza mwalimu wa uhariri kwa masikio mengine. Sisi, kinyume chake, humpa mwanafunzi wa Kiswahili majedwali ya ngeli mihula miwili mizima kabla hatujamruhusu kumwandikia shangazi yake barua.

Kuhusu maisha yao, filamu zenyewe zatuambia mengi. Huyu alimshikia mwenziwe kamera, na kesho mwenziwe akamwandikia mchezo. Burnett alikuwa mmoja wa wapiga picha wa "Bush Mama", filamu ya Gerima ya mwaka 1975. Baadaye aliandika na kupiga picha za "Bless Their Little Hearts" ya Woodberry (1984). Mwanzoni mwa "Bush Mama" twaona polisi wakiwasimamisha na kuwapekua watu barabarani. Picha zile hazikuigizwa. Waliokuwa wakipekuliwa ni Gerima na wenziwe, wamo kazini, na Gerima akaona ni busara kuziacha ndani ya filamu. Huko ndiko kulikokuwa darasani kwao. Burnett naye alipiga sehemu kubwa ya filamu yake mwaka 1972 na 1973, siku za mwisho wa juma, akiwatumia marafiki na majirani waliokuwa na shughuli zao siku nyingine. Gharama yote haikufika dola 10,000.

Hapa tuwaombe wasomaji radhi tuchepuke kidogo, maana Kiswahili kimo katika habari hizi. Los Angeles ndiko ilikoanzia sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966, na katika miaka iliyofuata maneno ya Kiswahili yalienea miongoni mwa vijana weusi wa jiji lile kama alama ya utu wao. Mwenzao Burnett aliyezaliwa kwa jina la Walter Gordon ndiye aliyejiita Jamaa Fanaka, akikusudia kwamba kwa kuwa pamoja tutapata mafanikio. Nomino mbili zimesimama bega kwa bega pasipo neno la kuziunganisha. Mwanafunzi wetu angekatwa alama. Mwingine, Don Amis, alitengeneza mwaka 1974 filamu fupi juu ya shule ya watoto iliyoitwa "Ujamii Uhuru Schule". Neno "ujamii" limekaa baina ya ujamaa na jamii, wala halikufika kwa yeyote kati ya hao wawili. Na "shule", neno tulilolipata kwa Wajerumani enzi za utawala wao katika Afrika ya Mashariki, limevuka bahari na kurudishiwa tahajia ya kwao! Twacheka, lakini kwa upendo. Watu wale hawakuwa na mwalimu wa Kiswahili jirani, na walikiendea Kiswahili kwa hiari yao, jambo ambalo si wote kati ya wanafunzi wetu wanalolifanya.

Fanaka huyo alifuata njia nyingine kabisa. Alitoa filamu tatu ndefu akiwa bado mwanafunzi, na ile ya tatu, "Penitentiary" (1979), ilipendwa sana na watazamaji wa kawaida na kuingiza fedha nyingi. Wapo wanaoitaja ili kuonyesha kwamba Burnett alikuwa mtu wa wasomi tu. Hatukubaliani nao. Chuo kilichoweza kuwalea watu wawili waliotofautiana kiasi hicho, kila mmoja akatoka na sauti yake, hakikuwa kikifundisha kwa kunakilisha.

Tuingie sasa katika filamu yenyewe. Stan, anayeigizwa na Henry G. Sanders, ni mfanyakazi wa machinjio ya kondoo. Ana mke na watoto wawili. Halali usiku. Hakuna kisa kinachoanza, kikapanda, kikafika kilele na kuteremka, kama tulivyozoea kuchora ubaoni. Kuna watoto wanaorushiana mawe na kuruka kutoka paa hadi paa; kuna msichana mdogo aliyevaa kinyago cha mbwa; kuna Stan akikigusisha shavuni kikombe cha chai na kuikumbuka joto ya mapenzi, hali rafiki yake haoni kitu ila chai. Kuna mume na mke wanaocheza dansi polepole mbele ya dirisha, wimbo wa Dinah Washington ukipigwa, mpaka wimbo unapokwisha, mume akajitoa mikononi mwa mkewe na kwenda zake. Mke, ambaye ameigizwa na Kaycee Moore, hubaki peke yake pale dirishani. Hatujui sehemu nyingine ya sinema ambayo umaskini umeelezwa kwa uchungu kama huo bila kutajwa.

Jina la filamu lataka maelezo. Kiingereza kinalo neno la mchinjaji, na Burnett hakulitumia, alisema "muuaji". Msemaji wa Kiswahili huitambua tofauti hiyo mara moja, kwa kuwa kuchinja ni kazi yenye kanuni na heshima yake, na kuua ni kitendo kitupu. Stan halishwi na kazi yake ila tumboni. Wahakiki kadhaa wamesema kwamba kondoo wale ni mfano wa watu wa Watts wanaopelekwa machinjoni. Tafsiri hiyo haikosi mashiko, maana Burnett mwenyewe huwafuatanisha kondoo na watoto wanaocheza. Lakini yatuonea ya haraka mno. Stan ndiye anayeshika kisu, na anayeogopa kuona watoto wake wanajifunza ugumu kutoka kwake. Mfano ukikubaliwa wote kama ulivyo, yeye amekuwa nani?

Sehemu inayotukaa sana moyoni ni ile ya injini. Stan amepata mshahara. Yeye na rafiki yake wananunua injini kuukuu ya gari, wanaibeba kwa taabu kushuka ngazi, wanaiweka ukingoni mwa gari la mizigo. Stan ataka isukumwe ndani zaidi. Mwenziwe amechoka na kidole kimemuuma, asema yatosha. Gari laondoka mlimani, injini yaanguka, yaharibika. Wanaitazama, wanapanda gari, wanakwenda. Kamera imekaa nyuma ya gari, nasi twaiona injini ikibaki njiani na kuwa ndogo. Hapana bepari katika sehemu hiyo, wala polisi, wala hotuba.

Na hapa ndipo ulipo ugomvi wa filamu hii na wakati wake. Burnett ameeleza kwamba chuoni aliziona filamu nyingi za wanafunzi wenziwe juu ya tabaka la wafanyakazi, na kwamba nyingi zilikwenda njia moja: tajiri ananyanyasa, wafanyakazi wanaunda chama, tatizo linakwisha. Watu aliowajua yeye hawakuwa na tatizo jepesi namna hiyo. Kwa mwalimu wake Basil Wright, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa filamu za hali halisi na aliyemfundisha hapo UCLA, asema alijifunza kumheshimu mtu anayepigwa picha. Heshima hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo iliyomkataza kumtungia Stan ukombozi ambao Stan hakuwa nao. Sisi tuliofundishwa uhakiki na walimu wa miaka ya themanini, ambao kwao kila kazi ya sanaa ilipaswa kuonyesha njia ya kutokea, tulihitaji kuitazama filamu hii mara tatu kabla ya kuacha kuidai hiyo njia. Wala hatusemi kwamba walimu wetu walikosea kabisa. Kuna kazi za sanaa zinazojificha nyuma ya "hali halisi" ili zisiseme lolote. Hii si mojawapo.

Dosari zipo. Sauti ni mbovu mahali pengi, na mazungumzo ya Watts ni magumu kwa sikio lililojifunza Kiingereza darasani. Mke wa Stan hana hata jina. Uigizaji wa Kaycee Moore umembebea mhusika mzigo ambao mwandishi hakumpa. Waigizaji wengine wadogo wanasema maneno yao kama wanaosoma. Na kosa moja la uanafunzi liligharimu sana: filamu imejaa nyimbo ambazo Burnett hakuwa na idhini ya kuzitumia hadharani. Kwa mtihani halikuwa neno. Kwa ajili ya hilo, filamu iliyopata tuzo ya wahakiki Berlin mwaka 1981, na ambayo mwaka 1990 iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa Marekani, haikuweza kuonyeshwa kwa kawaida katika majumba ya sinema mpaka mwaka 2007, baada ya kulipiwa idhini za nyimbo kiasi cha dola 150,000.

Sisi tuliipata baada ya hapo, na siku moja tukawaonyesha wanachuo wetu wa ualimu sehemu ile ya injini kwa mashine ya kuazima, pazia la bwenini likiwa ndilo kiwambo. Tukawaagiza waandike kwa Kiswahili, kwa utaratibu tuliowazoesha: dhamira, ujumbe, wahusika, mafunzo. Wakaandika. Funzo lilikuwa kwamba mizigo ifungwe vema, kwamba haraka haina baraka, kwamba tuchague marafiki. Mmoja alitafuta unyonyaji akaupata kwa muuza injini. Binti mmoja, ambaye Kiswahili chake hakikuwa kizuri, aliacha sehemu ya mafunzo wazi, akaandika mistari minne tu juu ya babake, aliyenunua mashine ya kusaga kwa mkopo, ikazimika siku ya pili, na kila jioni hukaa barazani akiitazama bila kusema na mtu.

Tulimpa alama 9 katika 20. Mwongozo wa kusahihisha haukuwa na mahali pa jibu lake, nasi tulikuwa na karatasi nyingine 40 za kumaliza kabla ya Jumatatu.