Nusu siku Budapest: mto uvukwe mara moja

Ziara ya nusu siku huuzwa kwa idadi ya vituo. Kampuni hii ina kumi, ile ina kumi na viwili, na mteja anaona kumi na viwili ndiyo faida. Kipimo hicho kinapotosha. Basi la watu arobaini hula karibu dakika kumi kila linaposhusha na kupakia. Vituo kumi maana yake ni zaidi ya saa moja na nusu, kati ya saa nne, wageni wakiwa mlangoni mwa basi. Ukichunguza ziara za Budapest, kinachotenganisha nzuri na mbovu ni swali jingine kabisa: Danube imevukwa mara ngapi, na kutoka upande upi? Hoja yangu ni kwamba ivukwe mara moja, kutoka Pest kwenda Buda, na ikiwezekana alasiri.

Mto unapita mjini ukitoka kaskazini kwenda kusini. Mashariki ni Pest, tambarare. Magharibi ni Buda, vilima. Hadi 1873 hiyo ilikuwa miji mbalimbali, pamoja na Óbuda. Anayeanzia Buda hupandishwa juu na kuoneshwa mji ambao hajaukanyaga: anatajiwa kuba, minara na madaraja, na majina yanampita. Anayemalizia Buda anaitazama kuba ya Bunge akijua kwamba muda mfupi uliopita alikuwa chini yake, hivyo anauliza maswali. Isitoshe, asubuhi jua liko nyuma ya Pest, na Bunge, lenye urefu wa mita 268 kandokando ya mto, huonekana kama kivuli tu. Alasiri jua la magharibi linalimulika usoni.

Pingamizi zito ni la kihistoria. Ngome ya Buda ni ya karne ya 13, baada ya uvamizi wa Wamongolia, ilhali sehemu kubwa ya Pest inayooneshwa watalii ni ya karne ya 19. Kwa nini simulizi isianzie penye mwanzo? Kwa sababu majengo yenyewe hayafuati mpangilio huo. Ngome ya Wavuvi, ambayo wengi huidhani ya enzi za kati, ilijengwa na Frigyes Schulek kati ya 1895 na 1902. Kanisa la Matthias lililo kando yake ni la kale kweli, lakini sura yake ya leo ni ya Schulek huyohuyo. Kasri la kifalme liliteketea katika mzingiro uliokwisha Februari 1945, likajengwa upya. Mwongozaji anayeanzia hapo analazimika kusema "hapa palikuwa" huku mgeni akitazama kitu kingine. Pest inampa mwanzo ulio safi zaidi. Katika Uwanja wa Mashujaa, Árpád na machifu wake wamepanda farasi chini ya nguzo iliyokusudiwa kuadhimisha 1896, miaka 1,000 tangu Wahungaria wafike. Mwaka huohuo treni ya chini ya ardhi ilianza kazi chini ya barabara ya Andrássy. Bunge na Basilika ya Mtakatifu Stefano vyote vina kimo cha mita 96, kukumbusha 896. Namba moja inashika vituo vitatu, na hakuna anayechoshwa na orodha ya wafalme.

Kisha Daraja la Minyororo, livukwe kwa miguu, basi likizunguka kwa daraja jingine. Lilichorwa na William Tierney Clark, likasimamiwa na Adam Clark (hawakuwa ndugu), likafunguliwa 1849. Wajerumani walililipua 1945 wakirudi nyuma. Likafunguliwa tena Novemba 1949, miaka 100 kamili. Habari za vita zisimuliwe hapo juu ya maji, kabla ya kufika kasrini.

Wengine watasema saa nne hazitoshi kuujua mji. Ni kweli, na mwongozaji aseme mapema kwamba magofu ya Kirumi ya Aquincum hayamo. Ila kuna kitu kisichostahili kurukwa. Kusini kidogo mwa Bunge, ukingoni, kuna jozi 60 za viatu vya chuma, kazi ya Can Togay na Gyula Pauer ya 2005: vya kiume, vya kike, hata vya watoto, vya mitindo ya miaka ya 1940. Wanamgambo wa Arrow Cross, mafashisti wa Hungaria, waliwavua viatu Wayahudi kabla ya kuwapiga risasi waangukie mtoni. Muda wake upatikane kwa kufuta kilima cha Gellért, ambacho mandhari yake, nzuri kama ilivyo, inarudia kwa kiasi kikubwa ile ya Ngome ya Wavuvi.

Wenye kampuni watakumbusha kwamba wageni wengi hulala Pest, hivyo lazima warudi ng'ambo. Sawa, lakini daraja ni mita 375 tu, na wameshalivuka. Treni ya kamba ya 1870 inashuka kutoka kasrini hadi mwanzo wa daraja lilelile. Asiyeweza kutembea apande basi, ambalo kwa vyovyote linarudi Pest.